Nesi kaniuliza tena kama nimejamba, ananitania au?

Wiki hii barua karibu zote zimetoka wodini, sijui mmekubaliana. Kwa wageni wa safu hii, mimi ni nesi, wodi ya upasuaji nimeikalia miaka mingi, na nimeshalala upande wa pili pia, mimi ndo mgonjwa na mshono wangu tumboni nikiita nesi usiku, kwahiyo ninachojibu hapa nusu nimekisoma na nusu kimeniuma mwenyewe.

SWALI: Shikamoo dada nesi. Nakuandikia nikiwa kitandani, leo ni siku ya tatu tangu nifunguliwe tumbo, walikata kipande cha utumbo kilichoziba, mshono unaanzia juu ya kitovu unashuka mpaka chini kabisa. Daktari anasema operesheni imeenda vizuri. Sasa shida yangu ni hii, kila nesi anayeingia zamu swali lake la kwanza ni moja tu, "umeshajamba?" Jana kaniuliza mkwe wangu yupo pembeni kaja kunijulia hali, nikajibu bado kwa sauti ya chini, akarudia kwa nguvu wodi nzima ikasikia, "BADO?" Mkwe akageuka akaanza kuangalia dirishani. Yaani nilitamani nirudishwe thieta. Alafu juzi, siku moja tu baada ya kupasuliwa, wakanitoa kitandani eti nitembee, nikaona hawa watu wananionea, si nitachanika? Dawa ya maumivu nayo naiogopa, nimesikia ukiizoea huiachi, kwahiyo navumilia tu. Tumbo limejaa kama ngoma. Hii ni kawaida kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole kwa mshono na pole zaidi kwa mkwe. Nesi hakutanii. Angeweza kushusha sauti, hapo nakuunga mkono, lakini swali lenyewe ni la kikazi kabisa, na kwa mtu aliyekatwa utumbo ni kama kumuuliza mtu wa homa joto lako likoje.

Ni hivi. Utumbo haupendi kushikwa. Ukishafunguliwa tumbo, utumbo ukaguswa, ukasogezwa, ukakatwa na kushonwa, wote unagoma, unalala. Sio kwamba umekufa, umezira tu. Utumbo mdogo ndo unaamka mapema, ndani ya masaa machache umeshaanza kujivuta, mfuko wa chakula unachukua kama siku moja au mbili, na wa mwisho kuamka ni utumbo mpana, huo kawaida siku 2 mpaka 3. Sasa hewa haiwezi kutoka chini mpaka utumbo mpana nao uwe umeamka ukaisukuma. Kwahiyo ule ushuzi unaouonea aibu ndo taarifa ya kwanza kutoka ndani kwamba njia imefunguka kuanzia juu mpaka chini. Hakuna kipimo cha bei rahisi kama hicho, na hakuna mwingine wa kukisoma ila wewe. Ndo maana wanakuuliza. Zamani daktari alikuwa anaweka kifaa cha kusikilizia tumboni anatafuta milio, siku hizi wengi hawaiamini sana hiyo milio, tumbo linaweza likanguruma na bado hakuna kinachosogea. Ushuzi haudanganyi.

Siku ya tatu bado uko ndani ya muda. Tumbo kujaa kiasi, kutokuwa na hamu ya kula, kucheua kidogo, hayo yote yanaendana. Kitakachonifanya nikimbie kumwita daktari ni kama tumbo linazidi kukaza badala ya kulegea, unatapika hasa matapishi ya kijani, kwikwi haikatiki, au siku ya tano imefika na chini kimya. Hapo wanaweza kukuwekea mpira wa puani unaoshuka mpaka tumboni kutoa yale maji na hewa iliyokwama. Haupendezi ule mpira, nimeshauvaa, koo linawasha mpaka unataka kulia, lakini ukishatoa ile lita ya kwanza unahisi mtu kakushushia mzigo.

Sasa tuje kwenye kutembea, maana hapa ndo umenichokoza. Unafikiri wanakuonea. Ngoja nikupe stori. Mwaka 1809 huko Kentucky, Marekani, kulikuwa na mama anaitwa Jane Todd Crawford, tumbo limevimba mpaka watu wakadhani ni mimba. Daktari Ephraim McDowell akamwambia huu ni uvimbe wa ovari na hakuna mtu ameshawahi kuutoa mgonjwa akapona. Mama akasema twende. Akapanda farasi safari ya karibu kilomita 100 mpaka kwa daktari, akapasuliwa bila nusu kaputi, maana dawa za usingizi za kupasulia zilikuja kuonyeshwa hadharani 1846, wakatoa uvimbe wa kilo kama 10 kwa muda wa dakika 25 hivi. Siku ya tano daktari anaenda kumwangalia anamkuta mama kasimama anatandika kitanda chake! Daktari kashangaa, badala ya kufurahi akamuonya awe makini. Siku ya 25 mama karudi kwao, na akaishi miaka mingine zaidi ya 30.

Kichekesho ni kwamba baada ya hapo, kwa muda mrefu sana, madaktari waliendelea kuwalaza wagonjwa wa tumbo chali wiki mbili, tatu, wakiogopa hichohicho unachokiogopa wewe, kwamba mshono utaachia. Mwaka 1899 Emil Ries wa Chicago alikuwa akiandika kwamba wagonjwa wainuliwe mapema, wenzake wengi hawakumsikiliza. Na ilibidi ifike miaka ya 1990 ndo daktari wa Denmark, Henrik Kehlet, akapanga vizuri utaratibu mzima wa kumwamsha mgonjwa haraka, anywe mapema, atembee mapema, dawa za maumivu zichanganywe kwa akili, na mipira isiyo ya lazima itolewe. Unachofanyiwa hapo wodini leo kinatokana na kazi ya hao watu.

Mshono wako hauchaniki kwa kutembea. Unachokiona juu ni ngozi tu, chini yake kuna tabaka gumu la ukuta wa tumbo limeshonwa kwa uzi imara, na huo ndo unaoshika. Kinachouumiza ni kunyanyua vitu vizito, kukohoa bila kushikilia na kujikamua chooni. Kulala tu ndo kuna hatari zake, damu inatuama miguuni inaganda, lile donge likichomoka likapanda mpaka kwenye mapafu linaweza kuua mtu ambaye jana alikuwa anacheka, na chini ya mapafu kunajifunga makohozi yanakaa mpaka nimonia. Ile sindano ndogo unayochomwa tumboni au pajani kila siku ndo ya kuzuia damu kuganda, usiikatae kisa inaacha alama ya bluu.

Nataka nikuonyeshe namna ya kuinuka maana nimeona watu wanajikunja kama wanafanya mazoezi ya tumbo alafu wanapiga kelele, na haki yao, inauma vile. Kunja magoti yote mawili kwanza ukiwa chali. Geuka ubavu mwili mzima kwa pamoja, bega na kiuno viende sawa, kama gogo linavyoviringika, usijinyonge katikati. Ukishalala ubavu shusha miguu nje ya kitanda, na wakati miguu inashuka sukuma godoro kwa kiwiko cha chini na kiganja cha juu, uzito wa miguu wenyewe unakuinua, tumbo halifanyi kazi yoyote. Ukikaa, tulia. Usisimame. Kizunguzungu kitakuja, subiri dakika moja mbili kipite, chezesha vifundo vya miguu juu chini, ndo usimame nesi akiwa pembeni. Mfuko wa mkojo ushike chini ya kiuno usirudishe mkojo ndani, na dreni, ule mrija wa kutoa maji na damu ndani ya tumbo, kama unayo hakikisha imeshikizwa kwenye nguo isije ikanasa kitasa cha mlango. (Nishaona. Sitaki kuongelea.) Utatembea umejikunja kama unatafuta shilingi sakafuni, ni kawaida, ila jaribu kunyooka kidogo kidogo kila safari. Kwanza mpaka kwenye kiti, mchana mpaka mlangoni, kesho korido. Safari fupi nyingi zinakufaa kuliko moja ndefu ya kishujaa alafu unalala siku nzima.

Na dawa ya maumivu mdogo wangu. Hapa nitakuwa mkali kidogo. Hakuna atakayekupa zawadi kwa kuvumilia. Mtu mwenye maumivu anavuta pumzi fupi fupi za juu juu, hakohoi, hageuki, hatembei, na yale yote niliyokutajia ya mapafu na damu yanamfuata palepale alipolala. Hofu ya kuizoea naielewa, lakini dozi za siku chache wodini, zikisimamiwa na kupunguzwa taratibu, ni kitu kingine kabisa na mtu anayeendelea kumeza miezi kwa miezi.

Ila kuna ukweli mmoja upande wako, na hawakukwambia pengine. Dawa kali za jamii ya morfini, pethidini, tramado, zinafanya kazi kwenye ubongo na kwenye utumbo pia, zinauchelewesha kuamka na zinafunga choo. Ndo maana siku hizi wanapenda kukuwekea parasetamo kwa saa, iume isiume, pamoja na dawa nyingine nyepesi kama figo na tumbo lako vinaruhusu, ili ile kali uhitaji kidogo tu. Kwahiyo cha kumwambia daktari kwenye raundi kesho sio "sitaki dawa," mwambie "nataka niweze kukohoa na kutembea, tupange dawa zipi zinitoshe bila kulaza utumbo." Atakuelewa haraka sana. Na omba dawa kama nusu saa kabla ya kutembea, kama ni ya kumeza, usisubiri mpaka maumivu yamekupanda kichwani ndo ubonyeze kengele.

Chakula, utaanza na maji kijiko kijiko, alafu vitu vya majimaji, alafu laini. Siku hizi hospitali nyingi hazisubiri mpaka ujambe ndo zikupe maji, lakini kwako wewe uliyeungwa utumbo, fuata alichoandika aliyekupasua maana yeye ndo anajua aliunga wapi na akaona nini. Kuna na chingamu, usicheke, kutafuna kunaudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja na kwa baadhi ya wagonjwa umeonekana kuamka mapema kidogo. Omba ruhusa kwanza.

Siku ukijamba, mwambie nesi hata kabla hajauliza. Mkwe akiwepo, onyesha dole gumba.

SWALI: Dada habari, mimi nimetolewa kifuko cha nyongo kwa matundu madogo jana, matundu manne tu. Cha ajabu tumbo haliniumi sana, kinachoniua ni bega la kulia! Nahisi walinilaza vibaya thieta wakaniumiza bega na hawataki kusema.

JIBU: Nzuri mdogo wangu, na bega lako hawajaligusa. Kwenye upasuaji wa matundu tumbo linajazwa gesi ya kaboni dioksaidi ili ukuta uinuke daktari apate nafasi ya kuona. Wakimaliza wanaitoa lakini inabaki kidogo, inapanda chini ya kiwambo, ule msuli unaotenganisha tumbo na kifua, inauwasha. Sasa mshipa wa fahamu wa kiwambo unatokea huku juu shingoni, palepale panapotoka na mishipa ya bega, ubongo ukipokea malalamiko unashindwa kujua nani kalia, unasema bega. Ndo umekandwa bega siku nzima bure, eti?

Gesi yenyewe mwili unainyonya, inatoka kwa pumzi, wengi siku moja mpaka tatu imeisha. Tembea, badili mlalo, kitu cha moto kidogo begani kinatuliza. Ila kama bega linakuja na pumzi kubana, kifua kuuma, au tumbo nalo linaanza kuuma zaidi ya jana na homa juu yake, usiseme "dada nesi alisema ni gesi." Ita mtu.

SWALI: Shikamoo. Mama yangu ana miaka 74, kapasuliwa tumbo siku nne zilizopita. Mchana anaongea vizuri tu, usiku anabadilika, anaona wadudu wanatembea ukutani, juzi kanisukuma mkono eti mimi sio mwanae nimetumwa, akachomoa dripu damu ikamwagika. Ndugu wengine wanasema karogwa, wengine wanasema nusu kaputi imemharibu ubongo. Nimechoka nalia tu.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole mno, hii ndo barua niliyoisoma mara mbili. Mama hajarogwa na sio kichaa. Ni mkanganyiko wa ghafla, unawapata wazee wengi baada ya operesheni kubwa, na tabia yake ndo hiyohiyo, unapanda na kushuka, mchana mzima anakuwa mtu wako, jua likizama anakuwa mtu mwingine.

Tena usichukulie kama ni uzee tu. Mara nyingi kuna kitu kinausukuma, inaweza kuwa maambukizi kwenye kidonda, kifua au mkojo, mkojo umejaa hautoki, choo kimefunga siku kadhaa, maji yamepungua mwilini, maumivu hayajatulizwa, au dawa mojawapo, na zile za usingizi ndo zinaongoza kwa kuzidisha. Mwambie nesi na daktari kwa maneno haya, "huyu sio kawaida yake, kabla ya operesheni alikuwa hivi na hivi." Wao hawamjui mama wa nyumbani, wamemkuta kitandani tu, kwahiyo hilo ni jambo ambalo hakuna kipimo kitawaambia isipokuwa wewe. Na likianza ghafla leo, waambie leo, usisubiri raundi ya kesho.

Ukiwa pembeni yake, mvalishe miwani yake, kama anatumia kifaa cha masikio kiwe masikioni sio kwenye droo. Mchana pazia wazi na akae kwenye kiti, usiku taa ndogo na kelele chache. Mwambie leo ni siku gani na yuko wapi, kwa upole, bila kumtahini. Akisema kuna wadudu usibishane naye na usimkubalie pia, mwambie "mimi siwaoni mama, ila naona unaogopa, nipo hapa," mshike mkono. Mikono yake isifungwe kitandani na ndugu, nimeliona hilo, linazidisha hofu. Mpeane zamu na nduguzo, sauti anayoijua inamtuliza. Alichokwambia usiku hakikutoka moyoni mwake, na pengine hatakikumbuka. Wengi wanarudi sawa kwa siku au wiki, wazee wengine inachukua muda zaidi. Na wewe nenda kalale.

SWALI: Siku ya saba leo, nilikuwa naendelea vizuri, asubuhi nimekohoa nikasikia kama kitu kimeachia, bandeji imelowa maji ya pinki ghafla, mengi. Hayaumi. Nisubiri raundi?

JIBU: Usisubiri, na nimeshakujibu pembeni siku uliyoandika, hii naiweka hapa kwa ajili ya wengine. Maji ya pinki mengi ya ghafla, siku ya tano mpaka ya kumi hivi, yanaweza kuwa dalili kwamba ule ukuta wa ndani umeachia hata kama ngozi juu bado imeshikana. Bonyeza kengele, lala chali nusu mgongo umeinuka kidogo, magoti yamekunjwa ili tumbo lilegee, usile wala kunywa maana unaweza kurudi thieta. Kama kidonda kimefunguka na utumbo unaonekana, USIURUDISHE kwa mkono, funika kwa kitambaa safi kilicholowanishwa maji safi na subiri mikono ya kazi. Hii ndo sababu nawaimbia kila siku, ukitaka kukohoa, kucheka au kupiga chafya, kumbatia mto au taulo iliyokunjwa ubane kwenye mshono KWANZA.

SWALI: Dada natoka kesho, wamenipa karatasi imeandikwa nisinyanyue kitu kizito wiki 6. Nina mtoto wa mwaka na nusu. Kizito ni kipi?

JIBU: Hongera kwa kutoka. Kizito kwa wiki hizo ni chochote cha zaidi ya kilo 4 au 5 hivi, kwahiyo ndio, mwanao ni mzigo. Kovu linaimarika polepole, mpaka miezi mitatu ndo limekaribia nguvu yake yote, na hata hapo halifiki ile ya mwanzo, ukilazimisha mapema ngiri inatokea palepale kwenye mshono. Kidonda chekundu kinachosambaa, usaha, harufu, au homa ya 38 na kuendelea, rudi hospitali usisubiri tarehe ya kutoa nyuzi.

Mtoto hataelewa karatasi. Kaa wewe kwenye kochi la chini, mto tumboni, mtu mwingine akuletee au umwache apande mwenyewe kwa kutokea ubavuni. Atakanyaga mshono mara moja, utaona nyota, kesho yake utakuwa umeshika mto vizuri zaidi.